Jicho latoa ao lapokea?

Siku moja, katika mafundisho ya waalimu wa dini, mwalimu mmoja mzee aliniuliza ulizo nisiloweza kulijibu palepale. Tulikuwa tukisoma sura ya 6 ya Evanjili ya Mtakatifu Mateo, pahali Bwana wetu anapofananisha jicho na taa ya mwili. Akasema: «Padri, taa inatoa nuru, haipokei. Basi na jicho linatoa kitu. Na jicho baya, je, halitoi kitu kibaya?» Wengine wakanyamaza, wakaniangalia. Kila mmoja alijua anamsema nani. Katika kijiji chake kulikuwa mama mzee mjane, mwenye macho mekundu sana, na watu walisema ya kuwa akimtazama mtoto, mtoto hupata homa. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kumwambia ahame, ao nyumba yake itachomwa.

Siku ile nilijibu kwa kukataza tu: mambo ya ulozi wa macho ni uongo, mkristu asiyafuate. Jibu hilo halikumtosha yeye, wala halikunitosha mimi. Kukataza si kufundisha. Nikarudi kwa vitabu, nikaona ya kuwa ulizo la mwalimu yule si la ujinga hata kidogo. Wenye akili wakubwa wa dunia walibishana juu yake karibu miaka elfu mbili, na wengi wao walisimama upande wake. Naandika habari hii kusudi wandugu watakaoulizwa kama mimi wasikutwe mikono mitupu.

Tuanze na Wayunani. Empedocles, mtu wa Sicilia, katika karne ya 5 mbele ya Kristu, alilifananisha jicho na taa ya mkono: ndani yake kuna moto, na kando kuta nyembamba za kuukinga na upepo. Plato akafundisha katika kitabu chake Timaeus ya kuwa moto mpole, usiochoma, hutoka machoni, ukachanganyika na mwangaza wa mchana, ukafika mpaka kwenye kitu tunachokiona. Euclid, karibu na mwaka 300 mbele ya Kristu, akaandika elimu ya kuona kwa mistari: kutoka jichoni inatoka miali iliyonyoka, nayo inatanuka kama pembe. Hesabu zake zilikuwa nzuri, na nyingi zafaa mpaka leo, maana mstari ni mstari, uwe unakwenda ao unakuja. Lakini hapa tuone jambo moja: hesabu ikiwa sawa, si lazima msingi wake uwe sawa.

Msidhani watu wale walisema ovyo. Walikuwa na sababu. Paka usiku macho yake yanawaka. Mtu akijibonyeza jicho gizani, anaona cheche. Sindano ikianguka chini, iko pale mbele yetu, lakini hatuioni mpaka tuelekeze macho juu yake. Kumbe, walisema, ni mwali wa jicho ambao haujaigusa. Tena nani kati yetu hajasema kama amesikia macho ya mtu mgongoni mwake? Ndizo sababu zile zile ninazozisikia kwetu vijijini. Anayesema ya kuwa hizo ni fikara za Waafrika tu, hajasoma vitabu vya Wayunani.

Aristoteles alikataa. Akauliza: kama jicho ni moto, na kama kuona ni nuru kutoka ndani yake kama kutoka taani, mbona hatuoni gizani? Kwa yeye, kitu chenye rangi hugeuza hewa iliyo kati, na hewa hugeuza jicho. Jicho hupokea. Huo ulikuwa mlango mzuri, lakini mwenyewe hakuupita mpaka mwisho. Katika kitabu kidogo juu ya ndoto aliandika ya kuwa mwanamke aliye katika siku zake akitazama kioo kisafi, kioo hupata doa jekundu. Tuliweke neno hilo akilini, maana litarudi.

Galenus wa Pergamo, mganga mkubwa wa karne ya 2 kisha Kristu, alipasua macho ya wanyama, akaeleza tando zake na maji yake. Lakini alifundisha ya kuwa kiti cha kuona ni kile kioo laini cha jicho kilicho nyuma ya mboni, na ya kuwa pumzi fulani hushuka kutoka ubongoni kwa mshipa wa jicho ikatoka nje. Waganga walimfuata kwa zaidi ya miaka elfu. Na Mtakatifu Augustino, katika maelezo yake ya kitabu cha Mwanzo, anasema wazi kama miali inatoka machoni petu. Hakuwa akifundisha imani hapo. Alitumia elimu ya shule za wakati wake, sawa na sisi tunavyotumia ya wakati wetu.

Aliyegeuza mambo alikuwa Mwislamu. Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, katika Iraki, karibu na mwaka 965, akafa Cairo karibu na mwaka 1040. Wanaosimulia maisha yake wanasema ya kuwa alimwahidi mtawala wa Misri, al-Hakim, kuyatawala maji ya Nili. Alipoona kazi haiwezekani, akajifanya mwenye wazimu kusudi asiuawe, akafungiwa nyumbani mpaka mtawala yule alipokufa mwaka 1021. Iwe hivyo ao sivyo, miaka ile ndipo alipoandika Kitabu cha Kuona, vitabu saba ndani yake.

Tazameni ginsi anavyoanza. Haanzi na maneno ya wakubwa. Anaanza na maumivu. Mtu akitazama jua, jicho linaumia. Akitazama nuru kali kisha akafumba macho, alama ya nuru inabaki. Ni nani aliyemwumiza? Kama jicho ndilo linalotuma, lisingeumizwa na kitu kilicho mbali. Basi nuru inaingia, inafanya kazi ndani ya jicho. Kisha akaongeza: na tuseme miali inatoka, je, inarudi na habari ao hairudi? Isiporudi, haitufai kitu. Ikirudi na habari, basi kinachotufaa ni kile kinachoingia, na ile ya kutoka haina kazi.

Akafanya majaribu pia. Aliweka taa nyingi upande mmoja, kati yake na chumba cha giza akaacha tundu dogo. Ukutani mwa chumba zikaonekana alama za nuru, moja kwa kila taa. Akifunika taa moja, alama yake inapotea, zingine hazigeuki. Kila mwali umepita katika tundu lile lile bila kuchanganyika na mwingine. Mwalimu yeyote anaweza kufanya hivyo na mishumaa mitatu na kipande cha karatasi kilichotobolewa.

Kitabu chake kiligeuzwa katika Kilatini karibu na mwaka 1200, na hapa watu wa Eklezya wanaingia. Roger Bacon, Mfransiskani, alikisoma. John Pecham, Mfransiskani pia, aliyekuwa Askofu mkuu wa Canterbury toka 1279 mpaka 1292, alifanya kitabu kifupi cha shule kutokana nacho. Witelo, mwanafunzi mwingine wa elimu hiyo, akaandika kitabu kinene, akampa heshima yake William wa Moerbeke, Mdominikani aliyegeuza vitabu vya Aristoteles katika Kilatini. Lakini tusiwasifu kupita kiasi: Bacon na Pecham hawakutaka kumwacha Mwislamu huyo wala kumwacha Augustino, basi wakasema nuru inaingia na nguvu fulani ya jicho inatoka. Ni desturi ya wanafunzi wa shule kutaka kuwapatanisha wakubwa wote.

Nafika sasa pahali panaponiumiza. Sisi sote tumefundishwa katika seminari kubwa kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Katika Summa, sehemu ya kwanza, ulizo la 78, kifungu cha 3, anafundisha vizuri sana ya kuwa hisi ni nguvu ya kupokea, inayogeuzwa na kitu cha nje. Vema. Lakini mgeuze kurasa mpaka ulizo la 117, kifungu cha 3, jibu la pili. Pale anaeleza ya kuwa roho ikiwaka uovu mkali, macho huichafua hewa ya karibu mpaka umbali fulani, sawa na kile kioo cha Aristoteles. Na hewa hiyo yenye sumu inaweza kudhuru, zaidi watoto, kwa sababu miili yao ni laini. Na ni nani wenye macho ya namna hiyo? Anataja mama wazee. Anaongeza ya kuwa shetani naye anaweza kusaidia, kama Mungu akiachilia.

Nilisoma mara mbili, nikafunga kitabu. Mwalimu wangu mkubwa alikuwa amekaa pamoja na vijana wale wawili wa kijijini. Si kwa kupenda uovu. Alipokea habari kutoka vitabu alivyoviheshimu, akatafuta sababu ya kitu ambacho hakikuwapo. Sisemi hivyo kusudi tumdharau. Yeye mwenyewe anafundisha katika ulizo la kwanza la Summa ya kuwa neno la mwanadamu, likitegemea ukubwa wa msemaji tu, ndilo hoja dhaifu kuliko zote. Basi tumshike kwa neno lake.

Wakati Tomaso aliandika, watu bado hawakujua nuru ikiisha kuingia inafika wapi. Hapo palikuwa na ulizo gumu. Kila sehemu ya kitu hutupa nuru pande zote. Kila sehemu ya jicho basi inapokea nuru kutoka kila sehemu ya kitu. Mbona tusione mchanganyiko tu, kama uji? Ibn al-Haytham alijibu ya kuwa jicho huchagua miali ile tu inayoingia moja kwa moja bila kupindwa. Jibu la akili, lakini si la kweli.

Wakati huo mikono ya mafundi ilitangulia vitabu. Mwaka 1306, katika mahubiri mjini Florence, Mdominikani Giordano wa Pisa alisema ya kuwa haijatimia bado miaka 20 tangu kuvumbuliwa kwa miwani. Ndugu wa shirika lake, Alessandro della Spina, aliyekufa mwaka 1313, aliona miwani kwa mtu asiyetaka kuonyesha ufundi wake. Akajitengenezea mwenyewe, akawafundisha wote kwa moyo mkunjufu. Wazee walisoma tena breviari yao, na wataalamu hawakuweza kueleza kwa nini.

Aliyefumbua fumbo alikuwa Johannes Kepler, Mluteri, aliyesoma teolojia mbele ya kuwa mtu wa hesabu na nyota. Ugonjwa wa ndui ulikuwa umemharibu macho tangu utoto. Mwaka 1600 alitazama jua likifunikwa na mwezi, kwa njia ya tundu dogo, akasumbuka juu ya ukubwa wa picha iliyoonekana. Kutoka sumbuko hilo akafika kwa jicho. Mganga Felix Platter wa Basel alikuwa amekwisha kusema, mwaka 1583, ya kuwa kiti cha kuona si kile kioo cha Galenus, bali ni utando wa nyuma, unaoitwa retina. Kepler akamfuata, na mwaka 1604 akatoa kitabu alichokiita nyongeza ya kitabu cha Witelo. Humo alionyesha ya kuwa kioo cha jicho hakichagui miali, kinaikusanya. Miali yote iliyotoka sehemu moja ya kitu na kutawanyika, inapindwa mpaka ikutane tena kwenye sehemu moja ya retina. Hivyo hakuna uji. Kuna picha, ndogo, yenye rangi, nayo imepinduka: juu iko chini, kuume iko kushoto. Na miwani? Ni kioo cha kuisaidia miali ikutane sawasawa juu ya retina, si mbele yake wala nyuma.

Picha iliyopinduka iliwatisha watu. Wajesuiti wana heshima hapa. Padri Christoph Scheiner, yule aliyebishana na Galileo juu ya madoa ya jua, alitoa mwaka 1619 mjini Innsbruck kitabu juu ya jicho. Alitoa macho ya wanyama, akakata ngozi ngumu ya nyuma, akaiona picha kwa macho yake mwenyewe. Tena ndiye aliyechora ya kuwa mshipa wa jicho hauingii katikati kabisa, bali kando, upande wa pua. Descartes naye, mwaka 1637, alieleza ginsi ya kufanya: jicho la ng'ombe liwekwe katika tundu la dirisha la chumba chenye giza, nyuma lifunikwe kwa karatasi nyembamba ao ganda la yai.

Mshipa huo wa kando ukaleta jambo lingine. Edme Mariotte, mkubwa wa nyumba ya watawa ya Saint-Martin-sous-Beaune katika Ufaransa, alitaka kujua kama tunaona vizuri zaidi pale mshipa unapoingia. Akakuta ya kuwa hapo hatuoni hata kidogo! Akatangaza mwaka 1668. Jaribuni wenyewe. Andikeni alama mbili katika karatasi, zikiachana sentimeta 8. Fumbeni jicho la kushoto. Kwa jicho la kuume tazameni alama ya kushoto. Sogezeni karatasi pole pole mpaka sentimeta 30 hivi. Alama ya kuume inapotea. Kila mmoja wetu ana tundu katika kuona kwake, na watu waliishi tangu Adamu bila kulijua. Maskini Mariotte, kutokana na jaribu hili zuri alifikia neno lisilo kweli: akasema retina siyo kiti cha kuona, bali utando mweusi ulio nyuma yake. Akabishana na wenzake kwa miaka.

Yaliyofuata nayapita upesi. Mwaka 1851 Hermann Helmholtz, Mjerumani, alitangaza kioo cha kuangalia ndani ya jicho la mtu hai; kwa kioo hicho waganga huona retina na mishipa yake ya damu. Tumejua ya kuwa retina ina chembe karibu milioni 120 za kuonea katika mwanga hafifu, na milioni 6 hivi za kuonea rangi, na ya kuwa habari zao hupita kwa nyuzi karibu milioni moja za mshipa mpaka ubongo. George Wald alikuta vitamini A katika retina mwaka 1933. Mtoto asiyeipata huwa kipofu usiku kwanza, kisha hata mchana. Nayo hupatikana katika mawese mekundu na katika sombe.

Na paka? Nyuma ya retina yake kuna utando unaong'aa kama kioo. Hurudisha nuru iliyoingia. Zima kila taa, funga dirisha, uziba mianya: macho ya paka hayawaki tena. Cheche za jicho lililobonyezwa ni retina iliyosukumwa. Nayo haijui kusema neno lingine ila «nuru».

Tunaweza sasa kurudi kwa macho mekundu. Moshi wa jikoni, miaka hamsini katika nyumba isiyo na dirisha, hufanya macho mekundu. Trakoma hufanya vile vile: huletwa na vidole, vitambaa na inzi, hugeuza kope kuelekea ndani, na kila mara mgonjwa akipepesa, nywele zinamkwaruza mboni. Kwetu Kongo kuna tena upofu wa mito, unaoletwa na inzi weusi wadogo wa maji yaendayo kasi. Mganga Mbelgiji Jean Hissette aliueleza kwa watu wa Sankuru mwaka 1932. Dawa yake, ivermektini, hutolewa bure tangu 1987. Katika yote haya jicho halikutoa kitu. Lilipokea: moshi, wadudu, uchafu. Aliyeonewa ni mwenye jicho.

Na Evanjili? Nayo haiko upande wa walozi. Katika lugha ya Wayahudi, jicho jema ni la mtu mwenye ukarimu. Tazameni Mezali 22, 9 katika Kiebrania. Jicho baya ni la mchoyo na mwenye wivu: ndivyo mwenye shamba anavyowaambia wafanyakazi wa saa ya kwanza (Mt 20, 15). Tena katika sura ya 6 maneno juu ya jicho yamewekwa kati ya hazina ya mbinguni na bwana wawili, yaani kati ya mafundisho juu ya mali. Mwenye jicho baya, kwa Bwana wetu, ni yule anayemnyima mwenziwe. Mjane asiye na kitu cha kunyima hawezi kuwa wa kwanza kushitakiwa.

Niliporudi kwa waalimu, nilibeba jicho la ng'ombe la asubuhi ile. Tulifunga madirisha ya darasa, nikapunguza ngozi ya nyuma kwa wembe, nikafunika kwa karatasi nyembamba, nikaweka mshumaa mbele. Mmoja mmoja walikuja kuona ulimi mdogo wa moto, kichwa chini, ndani ya jicho lililokufa. Jicho la maiti halina roho ya kutuma kitu, na bado picha iliingia.

Lakini miezi minne ilikuwa imepita, na mama mzee alikuwa amekwisha kuhama. Hakuna aliyejua kuniambia amekwenda wapi. Mwalimu yule alitazama mshumaa kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akaniomba nimpe jicho lile alipeleke kijijini kwa wale vijana wawili. Nikamwambia halitafika likiwa zima, jua ni kali na njia ni ya siku mbili. Akauliza bei ya lingine.